Kitenge kipya kimekakamaa? Usikimbilie ndoo, soma hapa kwanza

Jamani hii ishu ya kitenge kigumu naulizwa kila mara, hasa na wadada wanaoanza kujifunza cherehani. Mtu katoka Kariakoo na pisi yake ya yadi sita, kaikunjua mezani inapiga kelele, pini hazipiti, sindano inagonga tu tok tok tok, marinda yanasimama yenyewe, basi anaenda kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni ya unga nusu pakti afu anasubiri miujiza. Kuna siku inalainika kweli. Kuna siku inatoka vilevile, au inatoka imechuja na imerudi inchi kadhaa, na lawama anapewa muuza duka. Ukweli ni kwamba ugumu wa kitambaa una vyanzo tofauti, kimoja kina dawa yake, kingine hakina dawa kabisa, na kingine ni mali, ukikiosha umejipunguzia mwenyewe. Kwahiyo kabla hujagusa maji jua kwanza unapambana na nini.

Vyanzo ni vinne. Kuna wanga, huu unapakwa kiwandani mwishoni kabisa ili kitambaa kikae kimenyooka na kionekane kizito dukani. Kuna nta iliyobaki, hii utaikuta zaidi kwenye batiki za kutengeneza kwa mikono. Kuna rangi yenyewe iliyokaa juu ya uzi badala ya kuingia ndani. Na kuna kitambaa kilichofumwa kwa uzi mnene au kwa kubana sana, mfano drili, kaki na turubai, hicho ndo kilivyo, utakifua mpaka uchoke.

Namna ya kujua ni simpo. Shika pembe ya kitambaa, pale ukingoni kwenye maandishi ambapo hata hivyo utapakata, kwaruza na ukucha wa dole gumba mara mbili tatu kwa nguvu. Ukiona kimebaki kimstari cheupe na chini ya ukucha kuna kavumbi, huo ni wanga. Sasa ichukue hiyohiyo pembe uisugue kati ya viganja kama unafua bila maji, nusu dakika hivi, afu uilinganishe na pembe nyingine ambayo hujaigusa. Ikilegea tofauti kabisa na mwenzake basi shida yako ni ndogo, maji yatakusaidia. Ukitaka uhakika zaidi ingia duka la dawa nunua iodini, ile ya kahawia ya kupaka vidonda, dondoshea tone moja kwenye kipande cha kutupa, sehemu yenye rangi nyeupe au ya kung'aa: ikigeuka bluu inayoelekea nyeusi kuna wanga, ikibaki na ukahawia wake hamna. Kwenye kipande cha kutupa nimesema, maana lile doa ni sumbufu.

Nta unaijua kwa harufu ya mshumaa na kwa ule utelezi ukipitisha kidole. Weka karatasi ya kaki juu yake upige pasi ya moto, karatasi ikipata doa la mafuta, umeshaijua. Rangi ya juu nayo inajitangaza, pitisha kidole kwenye mpaka wa ua na sehemu tupu utasikia pale rangi inapoanzia pana kangazi, sehemu tupu ni laini ila maua ndo magumu, na ukigeuza nyuma unakuta weupe au rangi imefifia sana. Vile vitenge vyenye dhahabu ya kumetameta viko kundi hili.

Afu kuna kile ambacho sio pamba kabisa. Muuzaji atakuapia ni koton mia kwa mia, we chomoa nyuzi mbili tatu, moja ya urefu na moja ya upana, ziwashe kwa kiberiti ukiwa umezishika na koleo au kibanio juu ya sahani. Pamba inaungua na harufu ya karatasi, inaacha majivu laini yanayosagika. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi. Zote mbili upime maana kuna vitambaa vya mchanganyiko. Kama ni poliesta maelezo mengi ya hapa chini hayakuhusu, na maji ya moto sana na pasi ya moto kaa navyo mbali.

Hapa nisahihishe kitu kimoja ambacho hata mafundi wazoefu wanakisema. Watu wanaamini kitenge cha waksi kipya ni kigumu kwa sababu ya nta iliyomo. Sio hivyo. Utaratibu ule wa kuchapa kwa nta Waholanzi waliuchukua kwenye batiki za Java, kisiwa cha Indonesia, kampuni ya Vlisco ya Helmond kule Uholanzi iko kwenye kazi ya kuchapa vitambaa tangu 1846, na kiwandani wanachapa nta pande zote mbili za kitambaa, kinatiwa rangi, afu ile nta inatolewa hukohuko kiwandani. Kinachobaki ni zile alama za nyufanyufa na rangi kuwa sawa mbele na nyuma. Ule ukavu unaoushika dukani ni matokeo ya umaliziaji, kitambaa kimepakwa na kubanwa kwenye rola zito za moto. Na vitenge vingi tunavyonunua Kariakoo hata hiyo nta havijawahi kuiona, ni vya kuchapwa tu kwa kuigiza, kwahiyo ugumu wake ni wanga au ni rangi. Vipime, usihukumu kwa bei wala kwa maneno ya ukingoni, maana yale maneno mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuyachapa.

Tuje kwenye kuosha wanga

Kabla ya maji pima. Chora mraba wa inchi kumi kwa kumi kwa kushona uzi wa rangi nyingine kwenye kona, ukishafua na kukausha upime tena na tepu. Kila robo inchi iliyopungua ni asilimia mbili na nusu. Inaonekana ndogo ila yadi sita ni inchi 216, ikirudi asilimia tatu tu umepoteza inchi sita na nusu, hapo mkono mmoja wa gauni umekwenda. Pamba kurudi asilimia tatu mpaka tano kwenye kufuliwa mara ya kwanza ni kitu cha kawaida, na mara nyingi inarudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, ndo maana gauni linapanda juu ya magoti wakati kiunoni liko vilevile.

Mteja anakwambia, "Fundi usinifulie, kitaonekana cha zamani." Mjibu kwa adabu, "Mama, nikishona hivihivi, siku ukikifua wewe mwenyewe zipu itavimba mgongoni na laini, kile kitambaa cha ndani, itachungulia chini." Maana zipu hairudi, laini ya poliesta hairudi, kitenge kinarudi, hapo lazima vitu vivutane. Nguo yoyote ya kuvaa ambayo itafuliwa, kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Kwa nguo za watoto wachanga usinibishie hata kidogo, dawa za kiwandani zitoke kwanza.

Haya, pima na rangi. Lowanisha kitambaa cheupe, kamua, sugua kwenye rangi nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea, hizo ndo zinachuja. Cheupe kikipata rangi, pisi hiyo inafuliwa peke yake na maji ya baridi mara ya kwanza, rudia mpaka maji yawe meupe ndo upandishe joto. Ile habari ya kuloweka na chumvi au siki "kukamata rangi" haisaidii kwa pamba iliyokwishachapwa. Chumvi ina kazi yake kwenye sufuria la kutia rangi, inasaidia rangi iingie kwenye pamba, ila rangi iliyolegea haiwezi kuifunga baadae. Siki inashirikiana na rangi za sufu na hariri. Siki ina kazi nyingine nzuri nitaisema.

Kingo zipigwe zigizaga au mshono wa kawaida kuzunguka pande zilizokatwa, la sivyo nyuzi zitachomoka na kujifunga mafundo kwenye ndoo. Huna muda, kata kipembe kidogo cha mshazari kwenye kila kona, inapunguza sana.

Sasa maji. Wanga hautoki vizuri kwa maji ya baridi, unataka uvuguvugu ili uvimbe na uachie uzi, kwahiyo changanya maji ya moto na ya bomba mpaka mkono uvumilie bila kushtuka, tia sabuni ya unga kidogo, na kama pakti imeandikwa ina vimeng'enya ni bora zaidi maana kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukatakata wanga. Kifungue kitambaa chote kiwe kimelegea ndani ya beseni kubwa, usikizamishe kikiwa kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, kwa sababu kitambaa kigumu kikisuguliwa juu ya mkunjo rangi inatoka kwenye mstari wa mkunjo tu, unabaki na michirizi myeupe ambayo haifutiki maisha. Kiache kilale usiku mmoja. Asubuhi ingiza mkono: maji yanateleza, yamekuwa mazitomazito kama uji uliozidi maji, ndo wanga wenyewe huo. Joto la Dar linasaidia hapa, vijidudu vinakula wanga usiku kucha, na hata viwandani kuna njia ya zamani ya kutoa wanga kwa kulowesha kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu siku nzima kwa mtindo huohuo. Ila usizidishe, ukikiacha siku mbili kinaanza kunuka na kupata vidoa vya ukungu, na hivyo vidoa ni kesi nyingine.

Suuza na maji ya moto kidogo kuliko ya mwanzo kama rangi ilishakaa, mwaga, suuza tena mpaka utelezi uishe. Usikisokote kukamua, kikunje upana upana ukibonyeze. Kama bado ni kigumu rudia, vingine vinataka mara mbili na vingine mara tatu, inategemea na kiwanda.

Wenzangu wa Kigamboni na Mbagala mnaotumia maji ya kisima mnajua shida ya maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, na nguo ikikauka inasimama. Hapo unaweza kutoa wanga wote na kitambaa kikabaki kigumu kwa sababu ya mabaki ya sabuni na chumvi ya maji. Usitumie sabuni ya mche kwa kazi hii kwenye maji ya hivyo, inaganda kwenye uzi. Tumia ya unga, afu maji ya mwisho yawe ya bomba au ya mvua, na hapa ndo siki inaingia, nusu kikombe kwenye ndoo ya lita kumi, chovya, tikisa, toa. Harufu inaondoka ikikauka.

Zile dawa za kulainisha nguo mimi siziweki kabla ya kushona. Hazitoi wanga, zinapaka tu kitu cha kuteleza juu, kitambaa kinakuwa laini cha uongo, pini zinateleza na vipande vinakimbiana chini ya mguu wa cherehani. Mteja akitaka harufu nzuri aweke mwenyewe nguo ikishakamilika. Jiki usiiguse kabisa.

Anika kivulini, upande wa nyuma ukiwa juu, kitikise kwa nguvu kabla ya kutundika. Kikiwa bado na unyevunyevu kipige pasi kwa kufuata urefu, kushuka na kupanda, usivute kwa mshazari maana kitambaa kilichotoka kupoteza wanga kinapinda kirahisi sana. Pasi yako iangalie uso wake kwanza. Wanga uliobaki unaungua na kuganda kwenye chuma, afu unaacha madoa ya kahawia kwenye nguo ya mtu. Piga nyuma ya kitambaa.

Batiki yenye nta

Hii njia yake ni moto, sabuni peke yake haisaidii. Anza na pasi: kaki chini, kaki juu, pasi ya moto, badilisha karatasi mpaka ziache kunyonya. Gazeti linafanya kazi ila wino wake unaweza kuhamia, kwahiyo batiki yenye rangi nyepesi tumia kaki au karatasi tupu. Baadae chemsha maji kwenye sufuria kubwa, tumbukiza batiki, koroga na mti, nta inapanda juu, itoe kitambaa wakati maji bado yanachemka, ukiacha yapoe kitambaa humohumo nta inarudi kukishika upya na umefanya kazi ya bure. Batiki zetu zinazotiwa rangi kwa kostiki na haidrosi, zile dawa za kuyeyushia rangi, kwa kawaida zinavumilia kuchemshwa, ila pima kipande kwanza. Maji yakipoa nta inaganda juu, itoe uihifadhi, wenye kutengeneza batiki wanaitumia tena. Usimwage kwenye sinki, bomba litaziba.

Na nisisikie mtu anatoa nta kwa petroli au mafuta ya taa. Najua wapo. Mvuke wake unashika moto hata kwa cheche ya pasi, na kitambaa chenyewe kinakaa na harufu wiki nzima.

Rangi ya juu haina dawa

Ile rangi imebandikwa na gundi yake na kukaushwa kwa moto, ukiilazimisha kutoka inatoka na maua yote. Ikishafuliwa mara kadhaa inalegea kidogo na basi. Ushauri wangu ni ubadilishe mpango: usishone dera, usishone shati la kukaa mwilini, shona mkoba, aproni, foronya za mito ya sebuleni, mapazia, au sketi ya solo ambayo inataka kusimama. Pasi kwa nyuma tu, hasa yenye dhahabu, na usifumue fumue maana tundu la sindano kwenye rangi ya juu linabaki. Kwenye pamba ya kawaida tundu linajifunga ukifua.

Sasa ule ugumu ambao ni mali

Hapa ndo napingana na wanaosema kila kitenge kifuliwe mpaka kilegee. Kama unakata vipande vidogo vingi, iwe ni kwilti, yaani lile shuka zito la vipande lenye tabaka tatu, au ni begi la viraka au foronya, unautaka huo ugumu. Kitambaa kilicholegea ukikata mraba wa inchi tano unapata kitu kinachokaribia mraba, ukikata kwa mshazari ndo kabisa, kinanyooka mkononi, na kila kipande kikikosea kauzi kamoja, ukiunganisha vipande kumi mstari wa mwisho umehama. Chenye wanga kinakaa pale ulipokiweka, chaki inachora mstari mwembamba, mkasi unapita safi na kingo hazichanui.

Njia yangu kwa kwilti ni hii: fua kwanza vyote, kirudi kinachorudi, kichuje kinachochuja, afu mwenyewe ukirudishie wanga kwa kipimo chako. Unapata ugumu bila zile hatari. Mtu akiwa na vitambaa vya aina moja, duka moja, rangi zimepita mtihani wa kitambaa cheupe, anaweza kukata bila kufua na kwilti yote ikarudi kwa pamoja ikifuliwa, inapata mikunjomikunjo fulani hivi ambayo wengine wanaipenda. Ila kuchanganya kilichofuliwa na kisichofuliwa kwenye kazi moja, hapana. Kimoja kitavuta mwenzake.

Wanga wa nyumbani hauna gharama. Ukiwa na muhogo mbichi uparuze, uloweke kwenye maji, ukamue kwa kitambaa, yale maji meupe yaache yatulie saa kadhaa, mwaga ya juu, kilichoganda chini ndo wanga safi. Huna muda nunua konflawa dukani. Kijiko kimoja kikubwa koroga na maji ya baridi nusu kikombe mpaka mabonge yaishe, kisha mimina taratibu kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga, ule weupe utaisha uwe wa kupitisha mwanga, epua, acha upoe, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Hiyo ni nguvu ya kawaida. Ukitaka kitambaa kisimame weka vijiko viwili. Tia kwenye chupa ya kupulizia, pulizia nyuma ya kitambaa, acha dakika chache uingie ndani ndo upige pasi, ukipiga papohapo unaganda juu kwa magamba meupe ambayo yanaonekana vibaya sana kwenye kitenge cheusi. Kwa pisi nzima ni rahisi kuchovya kwenye beseni. Wanga wa jana utumie, wa juzi umeshachacha.

Usikihifadhi kitambaa chenye wanga kabatini miezi na miezi. Unyevu wa huku pwani unaleta ukungu, na mende wanaupenda kuliko wewe unavyokipenda kitambaa chako.

Kwenye cherehani

Sindano. Watu wanashona kila kitu na sindano moja mpaka ivunjike, afu wanasema cherehani inaruka mshono. Kitenge cha pamba cha kawaida namba 14 inatosha, mikunjo minene na mkoba wenye tabaka nyingi panda 16, kitambaa chepesi kama kanga shuka 11 au 12. Iwe ya ncha kali, zile za ncha ya mviringo ni za vitambaa vya kuvutika. Ukianza kusikia inagonga, ncha imeisha, badilisha, sindano ni rahisi kuliko kufumua.

Tensheni, yaani mkazo wa uzi, ijaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho chenye wanga huohuo, sio kwenye kitambaa chochote kilichokaa karibu, maana kitambaa kigumu kinaushika uzi tofauti na fundo linaweza kubaki juu badala ya kuzama katikati. Mshono wa milimita mbili na nusu kwa kuunganisha, tatu au zaidi kidogo kwa tabaka tatu za kwilti. Mshono mdogo sana kwenye kitambaa kigumu unatoboa mstari, siku ukivutwa kinachanika palepale kwa unyoofu kabisa. Na punguza spidi kwenye makutano.

Makutano ndo yanatesa. Pale mishono minne inapokutana kitambaa kinakuwa nundu, mguu wa cherehani unapanda na kuteleza. Weka kitambaa kikuukuu juu ya nundu uigonge na nyundo mara tatu nne, nyuzi zinalala, sindano inapita. Au chukua kipande cha sabuni ya mche iliyokauka usugue kando ya mstari wa mshono kwa nyuma, sindano inateleza, ukifua inaondoka. Mshumaa usitumie, utakuwa umejirudishia nta.

Pini za kichwa kikubwa zinakunja kitambaa kigumu na vipande vinahama, ni bora vibanio vya nguo vile vidogo kwenye kingo. Marinda kwenye kitenge chenye wanga yapange kwa pasi, usivute uzi ukitegemea yajipange yenyewe, yatakaa mafungu mafungu.

Ukiunganisha kwilti

Mshono upite robo inchi kutoka ukingoni, na ukishashona fungua mshono upige pasi pande mbili, usiulaze upande mmoja. Najua wengi wanafundishwa kulaza upande mmoja, inafaa kwa pamba nyembamba, ila kitenge kigumu kikilala tabaka mbili upande mmoja unapata tuta. Vipande viwe vikubwa, inchi tano au sita, kwa sababu maua ya kitenge ni makubwa, ukikata inchi mbili unapata rangi tu bila ua, na mishono inakuwa mingi kuliko kitambaa.

Katikati, kwa wanaotafuta kitu cha kuweka, blanketi jepesi la pamba la mtumba linafanya kazi nzuri, kwa joto la Dar huhitaji kitu kinene. Lifue kwanza. Sufi haifai hapa, inahama na kujikusanya kona moja. Chini weka kanga: ni pana ya kutosha kwa kwilti ya mtoto bila kuunganisha, kama sentimita 150 kwa 110, na ukiikata kwa akili lile jina linabaki katikati linasomeka. Ila kanga mpya nayo ina wanga wake, ifue pamoja na vingine.

Shikiza tabaka tatu kwa mishono mirefu ya mkono kuanzia katikati kwenda nje. Kama unashona kwilti yenyewe kwa mkono, juu ya kitenge kilichobana utahitaji kastabini kidoleni, sindano fupi, na uvumilivu, na hapo ukubali kupunguza wanga, pulizia maji kidogo kwenye mstari unaoshona ulegee. Kwa cherehani uache wanga uwepo mpaka mwisho, unazuia kitambaa cha juu kusukumwa mbele na kutengeneza mikunjo.

Ukishamaliza pindo ndo unaloweka yote, maji ya uvuguvugu, usiku mmoja, kama kitambaa kipya. Inakuwa nzito sana ikiwa na maji, kwahiyo itoe kwa mikono miwili na uianike imelala juu ya kamba mbili au tatu, ukiitundika kwa kamba moja uzito wake utaivuta upande na mishono ya katikati itakaa imelegea.